Mwenye Nyumba Anakudai, Nawe Unamdai

Wadogo zangu wa Musoma, Bunda na Butiama, leo tukae tuongee kuhusu nyumba za kupanga. Maswali yenu juu ya jambo hili yamekuwa mengi, na karibu yote yana sura moja: "Dada, hivi mwenye nyumba ana haki ya kunifanyia hivi?" Nitayajibu. Ila kwanza nataka tuzoee kuuliza swali jingine ambalo wapangaji wengi hatulitamki kabisa: mwenye nyumba ana wajibu gani kwangu?

Hatulitamki kwa sababu tumekua tukiamini kwamba anayetupangisha anatufadhili. Unamlipa mama mwenye nyumba kodi ya miezi sita kwa mkupuo, bati linavuja juu ya kitanda cha mtoto, na bado unaona aibu kumwambia. Unasogeza kitanda, unaweka beseni, unanyamaza. Hela ile ulimpa iwe bei ya kitu fulani, mdogo wangu, na kitu hicho lazima kikufikie.

Kitu chenyewe kimeandikwa. Kipo kwenye Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Watu wakisikia jina hilo hufikiria hati na mipaka ya viwanja, kumbe ndani yake mna sehemu nzima inayohusu upangishaji. Kifungu cha 88 kinataja ahadi ambazo kila mpangishaji anahesabiwa amekwisha kumpa mpangaji wake, hata kama hakuzitamka, hata kama hazikuandikwa popote. Sheria yenyewe inaziingiza kwenye makubaliano yenu.

Ya kwanza ni utulivu. Ukilipa kodi na kutimiza masharti yako, unakaa kwa amani mpaka muda wako uishe, bila kuingiliwa na yeye wala na mtu yeyote anayekuja kwa jina lake. Ya pili ni hali ya nyumba. Chumba au nyumba ya kuishi lazima iwe inafaa kukaliwa na binadamu siku unayoingia, na iendelee kufaa muda wote unaoishi humo. Ya tatu inatuhusu wengi wetu, sisi tuliopanga chumba na sebule katika nyumba yenye familia nyingine tatu au nne. Ukiwa umepanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje, mifereji mikuu ya maji machafu, na mahali mnapopatumia wote, kama korido, uani na vifaa vya pamoja, vyote ni juu yake kuvitunza.

Najua wapo wanaosema moyoni, "Mimi sina mkataba, tulikubaliana kwa mdomo tu." Mkataba unao. Upangaji wa mwaka mmoja au chini ya hapo unaruhusiwa kufanywa kwa maneno au kwa maandishi. Kwa hiyo binti aliyepanga chumba Nyasho kwa kulipa kila mwezi, na kijana aliyelipa miezi sita Bunda mjini bila karatasi yoyote, wote ni wapangaji kamili mbele ya sheria. Tatizo la kukosa karatasi linakuja siku ya ugomvi, pale mnapoulizwa nani alisema nini. Ndiyo maana nawasihi mlipe kwa simu kila mnapoweza, na ujumbe wa muamala msiufute. Ukilipa taslimu, omba risiti. Akisema hana kitabu cha risiti, chukua daftari, andika tarehe, kiasi na miezi uliyolipia, kisha mwombe asaini kwa heshima: "Mama, naomba unisainie hapa nisije nikasahau nimelipa hadi lini." Hakuna mama mwenye nia njema atakayekasirika kwa hilo. Anayekasirika amekuonyesha jambo ambalo ni afadhali ulijue mapema.

Mkataba wa maandishi mkiuandika, ni vizuri zaidi. Jueni pia kwamba hati ya upangaji isiyolipiwa ushuru wa stempu hukataliwa kuwa ushahidi hadi ilipiwe. Ushuru wenyewe ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa chumba cha kawaida ni hela ndogo, lakini huwaumbua watu mbele ya baraza la ardhi baada ya kutunza karatasi yao kwa uangalifu mkubwa.

Sasa nirudi kwenye maswali yenu. Linalonisumbua kuliko yote ni la kufuli. Mtu anatoka asubuhi kwenda sokoni au kazini, anarudi jioni anakuta mlango wake umefungwa kwa kufuli lisilo lake. Vyombo vyake viko ndani, na pengine sare za shule za watoto na dawa za mgonjwa pia. Wengine wameng'olewa mlango, wengine wameezuliwa bati, wengine wamekatiwa umeme na maji ili waondoke wenyewe. Kama kodi yako imelipwa, hayo yote ni kuvunja ile ahadi ya utulivu. Hakuna cha kujadili hapo.

Na kama unadaiwa? Hapa naomba msikilize vizuri, kwa sababu wengi mnadhani ukishadaiwa huna haki tena. Mwenye nyumba ana haki ya kudai kodi iliyolala, na ana haki ya kutaka uondoke ukiwa umeshindwa kulipa. Lakini sheria inamtaka akupe kwanza notisi inayosema kosa lako ni nini, na akupe nafasi ya kulirekebisha kabla upangaji haujafikia mwisho. Ukipeleka malalamiko, baraza lina uwezo wa kukupa nafuu ukionyesha kwamba utalipa. Ndiyo maana ukijiona unakwama, usimkimbie. Wadogo zangu, kumkwepa mwenye nyumba, kutoka alfajiri na kurudi usiku wa manane, kunakuharibia. Mwendee mwenyewe, mweleze, mpe kiasi ulichonacho, kisha muandike kimebaki kiasi gani na utakimaliza lini. Karatasi hiyo siku moja itakuokoa.

Kuhusu kuondolewa kwa ghafla. Ukiwa unalipa mwezi kwa mwezi bila kukubaliana mwisho, kila upande unaweza kumaliza upangaji, lakini kwa notisi isiyopungua kipindi mnacholipia, na inayoishia siku ya kulipa kodi. Kama kodi yako inalipwa kila tarehe 5, na tarehe 20 Machi anakuambia uhame, basi notisi hiyo haiwezi kuishia tarehe 5 Aprili, kwa sababu mwezi haujatimia. Inaishia tarehe 5 Mei. Wewe nawe ukitaka kuhama una wajibu huohuo kwake. Na kama umelipa Januari hadi Juni, miezi hiyo umeshaipata. Hawezi kuja Machi na kusema mtoto wake amerudi kutoka Mwanza anahitaji chumba, wala hawezi kukupandishia kodi katikati ya muda uliokwisha kuulipia. Asubiri Julai. Akitaka uhame kabla ya hapo, ni jambo la kuombana, na miezi iliyobaki lazima airudishe.

Kwenye kiwango cha kodi niwaambie ukweli usiopendeza. Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, iliyokuwa na mabaraza yake. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiwango cha kodi ni makubaliano yenu wawili, na hakuna kifungu kinachosema mwenye nyumba asidai miezi sita au mwaka mzima mbele. Majirani zetu Uganda walipitisha sheria yao ya wapangishaji na wapangaji mwaka 2022, na humo nyongeza ya kodi haitakiwi kuzidi asilimia 10 kwa mwaka. Sisi hatuna kinga ya namna hiyo, na naamini tunaihitaji. Mwalimu wa shule ya msingi anayeanza kazi Butiama anatakiwa atoe miezi sita mbele, juu yake mwezi mmoja wa dalali, kabla hajapokea mshahara wa kwanza. Hilo linawasukuma vijana kwenye mikopo ya riba ya kuumiza. Wabunge wakija kuomba kura, ulizeni hilo kwa sauti. Kwa sasa silaha mliyonayo ni mazungumzo kabla ya kulipa: omba miezi mitatu, omba kiwango kiandikwe kwamba hakitapanda kwa mwaka mzima. Ukishatoa hela, nguvu yako ya kujadili inapungua.

Kuhusu nyumba kufaa kukaliwa, msiingie kwa macho ya dalali. Dalali analipwa ukikubali, kwa hiyo atakuonyesha tailizi na rangi mpya. Wewe tazama juu, dari kama ina madoa ya maji. Fungua bomba. Nenda chooni, uliza kinatumiwa na familia ngapi, shimo lilinyonywa lini na nani alilipia. Jaribu kufunga mlango kwa ndani. Kama kuna kasoro, sema kabla ya kulipa na muandikiane kwamba ataitengeneza, ukipiga picha siku ileile. Kasoro inayotokea baadaye kwenye paa, kuta za nje au mfereji mkuu, mpe taarifa kwa ujumbe wa maandishi ili tarehe ibaki. Choo kikijaa na mwenye nyumba akapuuza, usiishie kununa na wapangaji wenzako. Nendeni kwa afisa afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa nguvu ya kuingia, kukagua na kumwamuru mwenye nyumba aondoe hatari hiyo, na wenye nyumba wengi humsikiliza yeye haraka kuliko wanavyotusikiliza sisi.

Ukitengeneza wewe kwa hela yako, usikate kodi kimyakimya. Kubalianeni kwanza, kwa maandishi, kwamba fundi utamlipa wewe na kiasi hicho kitatolewa kwenye kodi. Ukikata bila makubaliano, umempa sababu ya kusema hujalipa, na kumbuka ile ahadi ya utulivu inasimama juu ya kodi iliyolipwa.

Ninyi wa kando ya ziwa, Makoko, Mwigobero, mpaka mialo ya Guta kule Bunda, nina neno lenu. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kufikia viwango ambavyo watu walikuwa hawajaviona tangu miaka ya 1960, na 2024 likapanda tena. Maji yakiingia ndani na chumba kisikalike, kifungu kilekile cha 88 kinasema kodi, au sehemu yake inayolingana na uharibifu, inasimama hadi nyumba itakapofaa tena. Ndivyo ilivyo pia kwa moto ambao hukuusababisha wewe, kwa radi na kwa dhoruba. Miezi sita ikipita bila kutengenezwa, unaweza kuvunja upangaji kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja. Wengi wenu mmeendelea kulipia vyumba vilivyojaa tope kwa sababu hamkuwa mmesikia hili. Pia ulizeni nyumba iko umbali gani kutoka ukingo wa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Nyumba iliyomo ndani ya mita hizo siku moja inaweza kuwekewa alama ya kubomolewa, na kodi yako ya mwaka utaidai kwa mtu ambaye naye analia.

LUKU nayo. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500, wakati nyumba ya ghorofa hulipiwa shilingi 7,500 kwa kila sakafu. Anayeingiza namba za LUKU ni mpangaji, kwa hiyo hela inatoka kwenye simu yako. Lakini kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, na sheria ya upangishaji inasema tozo na kodi za mali ni juu ya mpangishaji isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Shilingi 1,500 kwa mwezi ni 18,000 kwa mwaka. Kwa mama anayeuza dagaa kwenye meza, hela hiyo ni mtaji wa siku kadhaa. Hifadhi ujumbe wa kila manunuzi ya LUKU unaoonyesha makato, na siku ya kulipa kodi mwambie mwenye nyumba: "Mzee, kodi ya jengo niliyokulipia ni hii, naomba tuitoe hapa." Mwambie mapema, siku ya kuingia, na muandike. Kama nyumba ina mita zaidi ya moja na zote zinakatwa, yeye ndiye mwenye kazi ya kwenda TRA kurekebisha, kwa sababu jengo moja halipaswi kulipiwa mara mbili.

Kwenye maji, Musoma bili ya MUWASA kwa kawaida inakuja kwa jina la mwenye nyumba na wapangaji wanachanga. Ombeni kuiona bili yenyewe, na mpige hesabu mkiwa wote. Kama mmechanga, yeye akala hela na maji yakakatwa, amewavunjia ahadi, na michango yenu iliyoandikwa kwenye daftari ndiyo ushahidi.

Kuna kundi jingine ambalo halipewi nafasi kwenye mazungumzo haya, nalo ni wale wanaomiliki kibanda au kontena lakini wanalipia ardhi ya mtu. Mnawaona pembeni mwa stendi ya Bunda, Kiabakari, Makutano, na kwenye machimbo ya Buhemba mabanda ya mabati yanaota kwa wiki moja. Hata Marekani wapo watu wa namna hii, familia zinazomiliki nyumba za kuhamishika lakini zinakodi kiwanja zilipowekwa. Jimbo la California lina sheria maalumu ya kuwalinda tangu 1978, kwa sababu walionekana kuwa rahisi kuonewa: nyumba ni yako, ila kuihamisha ni gharama kubwa, na mwenye ardhi anajua hivyo.

Hapa kwetu ninyi wenye vibanda hamna sheria yenu peke yenu, ila msidhani mko nje ya sheria. Unayelipia kipande cha ardhi ni mpangaji wa ardhi hiyo, na ahadi ya utulivu ni yako vilevile. Notisi ni yako vilevile. Na kuna moja zaidi inayowafaa sana: mwenye ardhi hatakiwi kuitumia ardhi yake ya jirani kwa namna inayoharibu matumizi uliyoikodia. Kama amekukodisha nafasi ya mgahawa, kisha akaruhusu shimo la taka nyuma ya ukuta wako, umeshapata hoja.

Lakini ninyi mna hatari ambayo mpangaji wa chumba hana. Kitu kilichofungwa kwenye ardhi kwa saruji kinaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya ardhi. Ukijenga kwa tofali kwenye kiwanja cha mtu bila maandishi, siku ya kuachana atakuambia kibanda ni chake. Kwa hiyo andikeni mambo matatu kabla hujaleta fundi: nani anamiliki kibanda, nani atakiondoa mkiachana, na utapewa muda gani wa kukiondoa. Kama umejenga kwa makubaliano kwamba gharama italipwa kwa kukaa bila kodi, andika gharama yenyewe na idadi ya miezi, na risiti za mabati na saruji uzitunze. Nimeona dada zetu wakipoteza mtaji wote wa mgahawa kwa kukosa ukurasa mmoja wa daftari.

Jingine, pima kutoka katikati ya barabara kuu. Hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande. Anayekukodisha nafasi ndani ya hizo amekukodisha kitu ambacho si chake, na alama ya X ikipigwa hakuna wa kukulipa fidia. Uliza ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji kabla ya kutoa hela.

Yakitokea mauti, mambo huwa mazito. Mzee mwenye nyumba akifariki, wapangaji hufuatwa na watoto wawili au watatu, kila mmoja akidai kodi alipwe yeye. Upangaji wako haufi pamoja na mzee. Mtu wa kupokea kodi ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa hiyo omba kuona barua ya uteuzi, mara nyingi huwa imetoka Mahakama ya Mwanzo. Kabla hajateuliwa, iweke kodi kando, usiile, na uwaambie wote mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba ipo. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi anaipokea pamoja na mpangaji aliyemo na muda wake uliokwisha kulipiwa.

Sasa niseme na wasichana, na wanaume mnaosoma msikilize pia. Wapo wanafunzi, wakiwemo wa chuo cha Buhare, na wapo mama wanaolea peke yao, ambao mwenye nyumba anawagongea usiku, anawaambia kodi inaweza "kuongeleka". Anawashika mkono, anawafuata bafuni, anawatishia kuwatoa. Mdogo wangu, kodi hulipwa kwa fedha, kwa tarehe mliyokubaliana. Unyanyasaji wa kingono ni kosa la jinai katika Kanuni ya Adhabu, na hata kama unadaiwa miezi mitatu, deni halimpi mtu ruhusa yoyote juu ya mwili wako. Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo. Tunza ujumbe wake wa simu. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na usikubali mtu akuambie suala hilo ni la kifamilia au la kumalizana na wazee. Nanyi wapangaji wenzao mnaosikia mlango ukigongwa, tokeni nje. Mkitoka wawili watatu mkasalimia kwa sauti, mara nyingi mgongaji anaondoka.

Nisiwasifu ninyi tu. Sheria hiyohiyo ya Ardhi inakutaka ulipe kodi kwa wakati, uitunze nyumba, uirudishe katika hali uliyoipokea isipokuwa uchakavu wa kawaida, na usimpangishe mtu mwingine bila idhini. Wapo wenye nyumba, wengi wao wajane na wastaafu waliojenga kwa kiinua mgongo, ambao kodi ya vyumba vitatu ndiyo chakula chao. Mpangaji anayehama usiku akiacha deni, bili ya maji na mlango uliovunjika, anawaumiza watu hao, na anamfanya mwenye nyumba amkazie kamba mpangaji anayefuata, ambaye hana kosa.

Mkishindwa kuelewana, njia ni hii. Mwenyekiti wa mtaa au balozi anaweza kuwasuluhisha, na mara nyingi inasaidia, lakini hana mamlaka ya kuamuru mtu atolewe ndani ya nyumba. Akija na mgambo kukutoa kwa neno lake tu, uliza amri imetoka baraza gani. Ukiwa kijijini kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Mjini utaanza na Baraza la Kata. Tangu sheria ilivyorekebishwa mwaka 2021, Baraza la Kata kazi yake ni kusuluhisha, haliamui tena nani mshindi. Likishindwa linakupa cheti cha kuonyesha hivyo, na siku 30 zikipita bila usuluhishi kufikiwa unaweza kwenda mbele hata bila cheti. Mbele ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na Musoma lipo. Usiporidhika na uamuzi wake, una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na masjala yake ipo hapohapo Musoma.

Huna hela ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni ya bure. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako, Musoma, Bunda au Butiama, wakuelekeze aliye karibu.

Nenda na karatasi zako zote, za kodi, za LUKU, za maji, na picha za bati. Na nenda mapema. Mwenye kufuli mlangoni leo aende Baraza la Kata kesho asubuhi, asisubiri wiki tatu akilala kwa shoga yake huku vyombo vyake vikiwa ndani ya chumba ambacho kodi yake imelipwa.